Kengele na Mchakamchaka: Uhakiki wa Ratiba ya Shule ya Sekondari

Uhakiki umezoeleka kuwa ni kazi ya kupima vitabu. Mhakiki huchukua riwaya, tamthilia au diwani, akaichambua, akaonyesha yaliyo mema na yaliyo na kasoro, kisha akawaachia wasomaji waamue. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maandishi ya namna nyingine, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huyasoma kila siku ya masomo kwa miaka minne au sita, huyakariri bila ya kuambiwa ayakariri, na huyatii kuliko anavyotii kitabu chochote. Maandishi hayo ni ratiba ya shule. Hubandikwa ukutani katika ofisi ya walimu na katika kila darasa, wala hayana jina la mtunzi. Na huenda ndiyo sababu watu hawaulizi mtunzi alikusudia nini.

Tumechagua ratiba ya shule za sekondari za kutwa kama zilivyo katika Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Nchi hii ya uwanda wa kati ina majira yasiyo na huruma: mvua ni ya msimu mmoja, huanza Desemba ikakoma Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Mahali penye majira ya namna hiyo, kosa la ratiba huonekana upesi kuliko mahali penye mvua mbili na migomba. Tena Chamwino si kijiji cha pembeni katika historia ya taifa. Hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipofyatua matofali pamoja na wanakijiji mwaka 1971, na hapa ndipo ilipozinduliwa Ikulu mpya mwezi Mei 2023. Lililo kweli kwa shule zilizo karibu hivi na makao ya nchi, twaamini lina ukweli pia kwa shule zilizo mbali zaidi.

Tuitazame basi ratiba yenyewe. Ni jedwali la mistari na nguzo. Siku imegawanywa katika vipindi vya dakika 40, na kila kipindi kina somo na herufi za jina la mwalimu. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani hatuwezi kuukosa ufundi uliomo: kila mshororo una urefu sawa na mwenzake, mapumziko yanakaa katikati kama kituo, na kengele ndiyo kibwagizo. Lakini katika kurasa hizo hizo pana ugeni. Ratiba huandikwa kwa Kiingereza, na saa zake huhesabiwa kutoka usiku wa manane. Mtoto wa Chamwino, ambaye nyumbani kwao jua likichomoza huanza kuhesabiwa saa moja, akifika darasani husoma kwamba masomo yanaanza saa 7:30, na inambidi atafsiri saa kabla hajatafsiri somo. Ni jambo dogo. Hata hivyo linaonyesha kwamba jedwali hili halikutungwa kwa kulitazama jua la hapa.

Wapi lilitungwa? Shule ya bweni yenye kengele, viranja, nyumba zinazoshindana na saa ya michezo ya alasiri ililelewa Uingereza katika karne ya 19. Thomas Arnold aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi 1842 ndiye atajwaye sana kwa viranja. Na waliomfuata ndio walioifanya michezo kuwa nusu ya malezi, kwa imani kwamba uwanja wa mpira hufundisha utawala. Imani hiyo ilivuka bahari pamoja na watawala wenyewe. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa watemi, ilijengwa kwa ramani hiyo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita humo. Hapa jirani yetu, Kongwa, ule mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, uliacha nyuma yake majengo ambamo watoto wa Kizungu walisomeshwa katika shule ya bweni tangu mwaka 1948 hadi 1958. Karanga zilikataa ardhi ya Ugogo, kengele haikukataa.

Na shule iliyoupa mkoa huu sifa yake kubwa ilifuata ramani ile ile. Madhehebu ya Kiprotestanti yaliijenga mjini Dodoma kwa jina la Alliance. Serikali ilipozitwaa shule za mashirika chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule hiyo ikapewa jina la Mazengo, mtemi wa Mvumi, na Mvumi leo imo katika Wilaya ya Chamwino. Mwaka 2007 majengo yake yakawa ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Jina la mtemi lilikaa mlangoni kwa miaka zaidi ya thelathini, lakini ratiba iliyokuwa ndani ilikuwa ya Tabora, na ya Tabora ilikuwa ya Rugby.

Hatusemi hayo kwa ajili ya kubeza. Shule za namna ya Mazengo zilifanikiwa, na haifai mhakiki afiche mafanikio kwa kuwa tu chanzo chake ni cha kikoloni. Zilifanikiwa kwa sababu ratiba yake ilikuwa na kitu ambacho hakiandikwi katika jedwali: saa zote 24 zilikuwa mali ya shule. Mwanafunzi aliamka bwenini, akala katika bwalo, akasoma, akapumzika, akacheza saa kumi jioni, akaoga, akala tena, akajisomea usiku kwa taa ya shule. Saa ya michezo haikumnyang'anya mtu chochote. Aliyekimbia alasiri alijua ugali uko jikoni. Hivyo ndivyo ilivyo hata sasa katika Msalato, shule ya wasichana wanaochaguliwa kwa ufaulu kutoka nchi nzima, na katika shule nyingine chache za bweni.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, ilizishutumu shule kwa mambo mawili yanayohusu moja kwa moja makala yetu: kwamba zinamtenga mtoto na jamii yake, na kwamba mtihani umekuwa mungu wake. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 likarudia shutuma ya pili kwa nguvu zaidi, na matokeo yake alama za kazi za kila siku na tabia ya mwanafunzi katika kazi zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kimapinduzi katika fikra. Je, yalibadilisha ratiba? Yaliongeza shamba. Alasiri ambazo zilikuwa za mpira sasa ziligawanywa kati ya mpira na jembe, mifugo na ufyatuaji wa matofali. Lakini asubuhi ilibaki ilivyokuwa, vipindi vikabaki vilivyokuwa, na kila mtu aliendelea kujua kwamba asubuhi ndiyo elimu na alasiri ndiyo nyongeza. Kwa maoni yetu hapa ndipo mradi ule ulipopungukiwa: ulibadilisha yaliyomo katika alasiri, haukugusa daraja ya alasiri mbele ya asubuhi. Kitu kilichowekwa katika nyongeza hutolewa siku nyongeza inapohitajika kwa kazi nyingine, na ndivyo ilivyotokea kwa shamba na kwa mpira pia.

Kisha shule zenyewe zikabadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na kuondolewa kwa ada kuanzia Januari 2016 kukawaingiza watoto ambao wazazi wao wasingethubutu kuiota sekondari. Hilo ni jambo la fahari, na atakayeandika historia ya utamaduni wetu katika miaka hii bila ya kuitaja shule ya kata atakuwa ameruka sura kubwa. Ila shule ya kata kwa kawaida ni ya kutwa. Ilirithi jedwali la shule ya bweni bila ya kurithi bweni, bwalo wala jiko. Kengele ni ile ile, hata ikiwa sasa ni kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Lakini baada ya kengele ya mwisho hakuna ugali, kuna njia ya kurudi nyumbani.

Njia hiyo haionekani katika ratiba. Kijiji cha Ugogo hakijabanana. Kaya zimetawanyika kufuata mashamba na malisho, na mtoto anayetembea saa nzima, wakati mwingine zaidi, kwenda shule si wa kushangaza. Ratiba inasema michezo ni saa kumi jioni. Ni nani yuko shuleni saa kumi jioni? Ni mvulana anayekaa karibu. Msichana ana ndoo ya maji inayomsubiri, ana moto wa kuwasha, na njia ya pori haifai kupitwa giza limeingia. Anayekaa mbali, awe mvulana au msichana, ameondoka. Kwa hiyo ile saa ambayo kwa maandishi ni ya shule nzima, kwa vitendo ni ya wavulana ishirini na mpira mmoja. Tungekuwa tunahakiki tamthilia tungesema kwamba mhusika mkuu ametajwa katika orodha ya wahusika lakini haonekani jukwaani.

Na hata hao ishirini hawaachiwi saa yao. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo asilimia 60 hivi ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla ya matokeo hayo kufutwa na kupangwa upya, yalilishtua taifa, na kwa haki. Tangu hapo hofu ya sifuri imekuwa mpangaji wa pili wa ratiba. Alasiri ni ya masomo ya ziada. Jumamosi ni ya majaribio. Kidato cha pili na cha nne, kila Novemba inapokaribia, hukaa katika makambi ya kitaaluma. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini wazazi bado hulinganisha, wilaya hulinganisha, na mkuu wa shule anajua fika ataulizwa nini katika kikao. Hakuna aliyewahi kuitwa aeleze kwa nini wanafunzi wake hawakukimbia mwaka mzima.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba mtihani ni jambo zito, na kwamba mtoto wa mkulima hana haja ya kukimbia ila ya kufaulu. Hoja hii tunaiheshimu, kwa maana anayeisema mara nyingi ni mzazi aliyeuza mbuzi ili anunue sare. Lakini imekwisha kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalisimamishwa kwa miaka kadhaa ili watoto wasome. Hatudai kwamba kusimamishwa huko ndiko kulikoleta sifuri za mwaka 2012. Sababu zake zilikuwa nyingi, na uchache wa walimu na vitabu ulikuwa mbele. Tunalosema ni kwamba alasiri zilizookolewa kutoka kwa michezo hazikuonekana katika matokeo. Muda uliochukuliwa kwa mwili haukufika akilini, ulipotea njiani.

Michezo ilirudi, lakini irudivyo mgeni. UMISSETA ya taifa huchezwa katikati ya mwaka, wakati shule zimefunga: mwaka 2021 ilikuwa Mtwara, mwaka 2022 Tabora. Utaratibu wenyewe ni mzuri, na vijana wanaokutana huko kutoka mikoa yote hujifunza nchi yao kwa namna ambayo ramani haifundishi. Hata hivyo tuangalie maana yake katika ratiba. Taifa limewapa wanafunzi michezo katika likizo. Tena mchujo wa kupata timu za shule, kata, wilaya na mkoa huanza miezi kadhaa kabla, na katika uwanda wa kati hiyo ndiyo miezi ambayo maghala ni matupu. Uwele na mtama huvunwa Mei na Juni. Februari na Machi ni miezi ya palizi na ya kula mara moja kwa siku, na wazee wa Ugogo, ambao hadithi za njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920 walizipokea kwa wazazi wao, hawahitaji kuelezwa kwamba njaa ina kalenda yake. Kumwambia mtoto ashindane mbio mita 1500 mwezi Machi, naye hajala tangu jana, kisha kumwita mvivu, ni kutojua kusoma majira.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo walimu wanaosoma makala haya wanalijua kuliko sisi. Katika shule nyingi mwili wa mwanafunzi haukusahauliwa. Umepewa kazi nyingine. Aliyechelewa huruka kichura. Aliyezungumza Kiswahili mahali pasiporuhusiwa hupiga magoti juani. Aliyekosa kazi ya nyumbani huzunguka uwanja mara kumi. Uwanja ambao haukutumika kwa mchezo unatumika kwa adhabu, na mbio, ambazo zingekuwa furaha ya ujana, zimekuwa hukumu. Mtoto aliyetembea kilomita saba akachelewa dakika tano, akaambiwa akimbie kuzunguka uwanja, anafundishwa somo kamili la utamaduni: kwamba kukimbia ni fedheha. Kisha tunashangaa mbona hajitokezi anapoitwa kwa riadha.

Sasa tuligeukie jambo ambalo kwa maoni yetu lilikuwa jibu la Watanzania wenyewe, nalo ni mchakamchaka. Hakuna haja ya kuueleza kwa aliyesoma katika shule zetu za msingi katika miaka ya 1970 au 1980. Alfajiri, kabla ya mstari, shule nzima hujipanga safu mbili mbili au tatu tatu, ikatoka mbio za polepole kupita kijijini, ikaimba, ikarudi. Wengine wameuona kuwa ni kitu cha kijeshi, na ni kweli kwamba nyimbo zake na za Jeshi la Kujenga Taifa zilikuwa ndugu. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, watoto walikimbia wakiimba habari za vita. Lakini mhakiki anayeishia hapo hajausikiliza.

Tuusikilize kama ushairi. Kiongozi hutoa mstari, na wote huitikia. Mizani yake haihesabiwi kwa vidole. Inahesabiwa kwa miguu, kwa maana kila mguu wa kushoto ukigusa ardhi lazima silabi nzito iwe imefika. Mstari mrefu mno humkata pumzi mwimbaji, na mfupi mno huiacha safu ikiyumba. Tena kiongozi hana karatasi. Muda wa kutunga mstari unaofuata ni ule ule muda wa kiitikio cha wenzake, yaani hatua nne au nane, na akishindwa hupokonywa uongozi palepale na mwenzake aliye tayari, bila ya kikao. Wenye kudhani kwamba utunzi wa papo kwa papo umekufa katika shule zetu hawakuwahi kuamka mapema. Watoto wa miaka kumi na miwili walifanya kila alfajiri kazi ambayo watu wazima tunaifanya kwa wiki nzima na kalamu mkononi, na ingawa beti zao nyingi zilikuwa hafifu, zipo zilizodumu kuliko diwani zetu.

Ugogo una haki ya pekee katika jambo hili. Ni mwana wa Ugogo, Mathias Mnyampala, aliyeaga dunia mwaka 1969, aliyeikuza ngonjera ikawa sanaa ya wanafunzi kusimama na kujibizana mbele ya umma. Na ni mwana wa Ugogo, Hukwe Zawose, aliyeaga dunia mwaka 2003, aliyeipeleka sauti ya ilimba na zeze hadi Bagamoyo na ng'ambo. Katika muheme wanawake hupiga ngoma, wakaimba na kucheza kwa wakati mmoja, na mwenye kuiona atajua kwamba kwa Wagogo sauti na mwili havikuwahi kupangiwa vipindi viwili. Mtoto wa hapa akiingia katika mchakamchaka haingii ugenini. Akiingia katika saa ya michezo ya Rugby, anaingia.

Tuulinganishe basi mchakamchaka na saa kumi jioni. Mchakamchaka hauhitaji mpira wala viatu. Hauchagui ishirini kuwaacha mia tatu. Anayekimbia vibaya hukimbia nyuma, lakini hukimbia. Wasichana wamo. Umewekwa alfajiri, na katika uwanda huu, ambako jua la saa nane huchoma na upepo wa alasiri hujaza macho vumbi, alfajiri ndiyo saa pekee ambayo mwili unaikubali. Zaidi ya yote, uko mwanzoni mwa siku, mahali ambapo masomo ya ziada hayawezi kuufukuza.

Taasisi moja nchini haikuwahi kuiachia saa hiyo ya alfajiri, nayo ni jeshi. Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwezi Februari 1974, Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, na Alphonce Simbu, mwana wa Singida, mkoa jirani, aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia huko Tokyo mwezi Septemba 2025, wote walikuwa wanajeshi. Simbu na Mjerumani aliyemfuata walipewa muda mmoja, saa 2:09:48, na sehemu tatu za mia za sekunde ndizo zilizowatenganisha. Watu walisema ni kipaji, na kipaji kipo. Lakini kwa nini kipaji cha uwanda wa kati kipate makao jeshini na kisipate shuleni, hali shule ndizo zilizo nyingi na ndizo zinazompata mtoto mapema? Tunaona jibu limo katika ratiba: jeshini kukimbia ni kazi ya asubuhi, shuleni ni mabaki ya jioni. Wala tusieleweke kwamba tunataka michezo kwa ajili ya medali. Medali ni ya mmoja, na sisi tunazungumza juu ya mamia ambao hawatakwenda Tokyo.

Yapo mapingamizi, na lililo zito kuliko yote ni la njia. Aliyetembea saa nzima kabla ya jua, je, akimbizwe tena? Tunajibu kwamba hapana, na kwamba hapa shule ya kutwa haiwezi kuiga shule ya msingi ya kijijini kama ilivyokuwa. Kutembea huko ni kazi, na kazi hiyo ihesabiwe. Shule inaweza kuwapanga wanafunzi kwa vitongoji, wale wa njia moja wakaja pamoja, wakiimba, na kufika kwao kukawa ndio mchakamchaka wao. Wanaokaa karibu ndio watakaozunguka kijiji. Utaratibu huo una faida nyingine ambayo mzazi wa msichana ataiona mara moja: mtoto wake hatembei peke yake gizani. Walimu wa baadhi ya shule hufanya jambo linalofanana na hilo bila ya kuliandika mahali popote, na tungependa liandikwe.

Pingamizi la pili ni njaa, nalo halijibiwi kwa nyimbo. Mahali ambapo wazazi wamekubali kuchanga mahindi na maharage na uji hupatikana saa nne, hapo pana msingi; mahali ambapo hakuna, mwalimu asimkimbize mtu Februari. Kwa nini ratiba iwe moja mwaka mzima? Mkulima wa Ugogo hafanyi kazi moja Januari na Julai. Ratiba ya miezi ya mvua ingeweka ngoma, ngonjera na mazoezi mepesi, na ile ya baada ya mavuno ingeweka mbio, mpira wa pete na mpira wa wavu, pamoja na mashindano ya madarasa. Hapo tu ndipo mchujo wa UMISSETA ungekuwa mchujo wa wakimbiaji. Kwa sasa, katika wilaya kama hii, ni mchujo wa waliokula.

Kuna pia la lugha, ambalo tunaligusa tu. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Shule nyingi hukataza Kiswahili nje ya darasa la Kiswahili. Mchakamchaka hautaimbwa kwa Kiingereza. Wenye kujaribu watagundua kwamba mguu wa kushoto unakataa. Mkuu wa shule atakayeuruhusu itambidi aruhusu na lugha yake, na tunashuku kwamba hilo, kuliko uchovu wa wanafunzi, ndilo linalowatia wengine mashaka.

Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali pembeni ya mkondo wa jumla, na michezo imo miongoni mwa fani zake. Tunaupokea kwa furaha yenye tahadhari. Ni vema kijana mwenye miguu ya riadha apate cheti kwa miguu yake. Lakini pana hatari ya kufanya yale yaliyofanyika kwa shamba, yaani kuukabidhi mwili kwa wachache walioandikishwa katika fani, na kuwaachia wengine wote viti. Mwalimu wa taaluma anayekaa Desemba kupanga jedwali la mwaka mpya hana haja ya kungoja mtaala kwa jambo hili. Dakika 30 za asubuhi zinapatikana. Azitafute kwanza katika ule mstari wa asubuhi, ambao katika shule nyingi, kwa ukaguzi wa sare, matangazo na hesabu ya waliochelewa, huchukua muda kuliko kipindi cha Hisabati.